Ridhaa ya Mtafitiwa na Lugha ya Fomu: Changamoto kwa Kamati za Maadili ya Utafiti

Makala hii inajadili kazi ya kamati za maadili ya utafiti na tatizo la lugha linalozikabili, kwa kurejelea Luanda Kotieno, kituo cha feri ya kwenda Mbita katika kaunti ya Siaya, Kenya.

Kamati hizi zina chimbuko katika dhuluma. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliifanya ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, liliporekebishwa mwaka 1975, lilitaka kamati huru ipitie kila mpango wa utafiti. Nchini Kenya, kamati hizo huidhinishwa na NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Swali la msingi ni hili: mtafitiwa huridhia nini hasa? Tuchukulie mama muuza samaki wa Luanda Kotieno anayeombwa kushiriki jaribio la dawa. Fomu ikikiita kidonge kisicho na dawa "dawa bandia", ataelewa kwamba anapewa dawa ghushi. Ikisema makundi yatapangwa kwa "bahati nasibu", atatazamia zawadi. Tafsiri-rejea, ambayo kamati nyingi huitegemea, haifichui kosa hili, kwa kuwa mtafsiri wa pili huirudisha istilahi ile ile ya Kiingereza na kamati ikaridhika. Aidha, mama huyo huenda Kiswahili chenyewe kwake ni lugha ya pili baada ya Dholuo.

Hatari ya pengo baina ya karatasi na maisha si ya kinadharia. Jaribio la FEM-PrEP la kinga ya VVU, lililojumuisha Bondo, lilisimamishwa mwaka 2011. Wanawake wengi waliripoti kwamba walimeza vidonge, lakini vipimo vya damu vilionyesha kuwa ni wachache waliofanya hivyo. Lugha haiwezi kubebeshwa lawama yote. Hata hivyo, tukio hilo ladhihirisha kwamba sahihi ya ridhaa si ithibati ya maelewano.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba kila kamati iwe na mjumbe mtaalamu wa lugha. Pili, kabla ya idhini kutolewa, fomu isomwe kwa sauti mbele ya wenyeji, nao waieleze upya kwa maneno yao. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika: istilahi mbovu darasani humpotezea mtu alama, ilhali ufuoni humnyima mtu haki ya kukataa.