Nakala ya Awali: Utafiti Kabla ya Muhuri

Wengi wetu hapa Chakol tulimeza tembe za minyoo tukiwa shule ya msingi. Je, wajua kwamba utafiti mmoja uliozipa tembe hizo sifa duniani ulifanywa papa hapa Busia, huko Budalangi na Funyula?

Ulianza mwaka wa 1998. Shule za msingi 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa dawa mwaka huo, la pili 1999, la tatu 2001, ili waliomeza walinganishwe na waliokuwa wakingoja. Edward Miguel na Michael Kremer waliona kwamba kukosa shule kulipungua kwa karibu robo. Hata watoto ambao hawakumeza kitu walinufaika, kwa kuwa minyoo ya kuambukizana ilipungua.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Makala yao ilitoka katika jarida la Econometrica mwaka wa 2004. Jarida haliipi makala muhuri wake kabla ya wataalamu wengine kuikagua, mfano wa mwalimu na kalamu yake nyekundu. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine miaka. Isitoshe, majarida mengi huuza makala moja kwa dola 30 na zaidi. Nani hapa kwetu atatoa pesa hizo?

Lakini mabwana hawa hawakungoja. Walitoa nakala ya awali kupitia taasisi ya NBER ya Marekani mwaka wa 2001, miaka mitatu mapema! Wanafizikia nao walikuwa na hazina yao ya bure, arXiv, tangu 1991. AfricArXiv ya watafiti wa Afrika ilianzishwa 2018, ikakaribisha hata lugha zetu.

Najua kuna atakayeuliza: nakala isiyokaguliwa si hatari? Ni kweli, wakati wa korona zingine zilisambaa kisha zikaondolewa. Lakini hebu tazama. Mwaka wa 2015 watafiti wengine, wakitumia data waliyopewa na Miguel na Kremer wenyewe, walichapisha makosa ya hesabu waliyoyaona kuhusu manufaa kwa shule za mbali kidogo. Makosa hayo yalikuwa ndani ya makala yenye muhuri! Wakaguzi wa jarida hawakuyaona. Yalionekana kwa sababu data ilitolewa. Kwa hiyo mimi nasema muhuri pekee hautoshi, na kufungia watu nje ni kubaya zaidi. Waliotoa kinyesi kipimwe ni watoto wa Busia, basi wao ndio wa kwanza kustahili kusoma matokeo.

Ukipata simu ya mzazi, tafuta majina hayo mawili pamoja na neno Kenya. Tazama kwanza mwaka ulio juu ya nakala, ujue kama ni ile ya 2001 au ya 2004. Majedwali ni magumu kweli kweli, kwa hivyo anza na muhtasari.