MBUNG'O NA KIVULI

Je, umewahi kuumwa na mbung'o? Sehemu nyingine za nchi yetu huitwa ndorobo. Ni inzi wa rangi ya kahawia. Anapotua hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine, kama mkasi uliofungwa. Dume na jike wote hufyonza damu. Baadhi yao hubeba vijidudu vinavyoleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Ng'ombe mwenye nagana hukonda na kupungukiwa na damu, na asipotibiwa huweza kufa.

Mbu hutaga mayai mengi kwa mara moja. Mbung'o hafanyi hivyo. Jike hulea buu mmoja tu tumboni mwake, akimlisha kwa majimaji yanayofanana na maziwa. Baada ya siku 9 au 10 humzaa, kisha huanza kulea mwingine. Buu aliyezaliwa hujichimbia udongoni, na ngozi yake hugeuka gamba gumu. Sasa huitwa pupa. Hukaa humo mwezi mmoja hivi, ndipo atoke akiwa inzi kamili.

Ufikirie mwezi huo. Pupa hawezi kuhama wala kunywa maji. Udongo ukiunguzwa na jua, naye hukauka akafa. Kwa hiyo jike hutafuta udongo tifutifu chini ya kichaka au gogo. Mbung'o wakubwa nao hulikimbia jua kali. Hujificha penye mashina na mashimo ya miti.

Katika miaka ya 1920 na 1930, wakazi wa Shinyanga walifyeka vichaka vingi. Mbung'o walikosa kivuli, wakapungua. Lakini ardhi nayo ilikosa kivuli! Kilimo na mifugo vilipozidi, udongo ulichukuliwa na maji, na kuni zikawa haba. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kurudisha miti. Siku hizi hutumika pia mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o. Miti hubaki.

JARIBIO
(Usiende porini kutafuta mbung'o!) Jaza udongo katika makopo mawili. Tia kila kopo maji ya kiasi kimoja. Weka moja juani, jingine chini ya mti. Kesho yake saa nane mchana, tia kidole katika kila kopo.

MASWALI
1. Udongo wa kopo lipi umekauka zaidi?
2. Pupa angeweza kuishi katika kopo lipi?
3. Kwa nini kufa kwa mbung'o mmoja jike huwapunguza mbung'o kuliko kufa kwa mbu mmoja jike kunavyowapunguza mbu?