Kuvu Katika Boriti za Nyumba

Watoto, mkifika nyumbani tazameni juu. Katika nyumba za mawe za kale, kama zile za Lamu na Unguja, mtaona miti iliyolala kutoka ukuta hata ukuta. Hiyo ndiyo boriti, nayo huchukua mzigo wa dari. Boriti nyingi za nyumba hizo ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba. Ndiyo sababu vyumba vyao ni vyembamba, upana wake yapata mita 3 au pungufu. Katika nyumba za mabati miti ya juu ni makombamoyo na pao. Miti hii yote ni kama mifupa ya mwili: ikiugua, nyumba nzima i hatarini. Leo tutajifunza habari za kuvu ishikayo miti hiyo, na jinsi ya kuiondoa bila ya kujidhuru.

KUVU NI NINI?

Kuvu si vumbi wala masizi. Ni kitu chenye uhai, cha jamii moja na uyoga na hamira. Huzaa mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo huruka hewani zikaingia katika kila nyumba. Kuzizuia hatuwezi. Lakini mbegu hizo hazioti pakavu. Zikiangukia mti wenye unyevu huota kwa siku chache, zikafanya madoa meusi, ya kijani au meupe, na harufu ya uvundo.

Si kila kuvu ni adui. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona kuvu ikiua vijidudu katika kisahani chake, na kutoka kuvu hiyo ikapatikana dawa ya penisilini. Lakini kuvu ya nyumbani haitupi dawa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo, likaeleza ya kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua, na pumu.

Tena yafaa mjue tofauti hii. Kuvu ya juu juu huchafua mti, lakini haiupunguzii sana nguvu. Iko kuvu ya namna nyingine, iozeshayo, ambayo hula mti kwa ndani hata ukawa kama mkate mkavu. Zote mbili hufuata maji. Basi madoa ya juu ni mjumbe, na ujumbe wake ni huu: "Hapa pana maji, upesi, kabla mti haujaoza."

KOSA LANGU

Zamani nalikaa katika nyumba ya kale mjini pwani. Wakati wa masika naliona madoa meusi katika boriti tatu za pembeni. Nalichukua ufagio mkavu, nikayafagia. Vumbi likajaa chumba, na mwanangu akakohoa usiku kucha. Kisha nalipaka boriti rangi ya mafuta, zikang'aa, nikajisifu. Masika ya pili rangi ikabambuka, na madoa yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza.

Nalimwita fundi mmoja mzee. Hakuzitazama boriti kwanza. Aliomba ngazi, akapanda juu ya dari. Huko aliukuta mlizamu umezibwa na majani, na maji ya mvua yametuama, yakinywewa na ukuta. Na ule ukuta ulikuwa umepigwa lipu ya saruji juu ya chokaa ya kale. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Kisha akashuka, akachoma ncha za boriti kwa msumari, pale ziingiapo ukutani. Mbili zilikuwa ngumu. Ya tatu msumari ulizama kwa upana wa vidole vinne, na chini yake ndipo kilipokuwa kitanda cha mwanangu.

Fundi akaniambia, "Mwalimu, ulimwosha uso mjumbe, wala hukumwuliza ametumwa na nani."

Tulikihamisha kitanda jioni ile ile. Boriti ya tatu ilitegemezwa kwa nguzo, kisha ikabadilishwa. Mbili zilizobaki zilisafishwa, na tangu mlizamu ulipozibuliwa hazikuota kuvu tena.

JINSI YA KUIONDOA

Kazi hii ni ya watu wazima, wala mtoto asipande ngazi. Lakini yawapasa kuijua taratibu yake.

Kwanza, tafuteni maji yanakotoka, mkayazuie. Pengine ni bati lililotoboka, au mlizamu ulioziba. Pengine hakuna tundu lo lote: mvuke wa jikoni hupanda usiku, ukigusa bati la baridi hugeuka matone, yakadondokea miti. Dawa yake ni madirisha na matundu ya kupitisha hewa.

Pili, pimeni ukubwa wa madoa. Yakipita mita 1 ya mraba, au mti ukichomwa na msumari ukawa laini, mwiteni fundi.

Tatu, toeni chumbani vyakula, matandiko na watoto. Mwenye pumu asikaribie kabisa. Fungeni mlango uelekeao vyumba vingine, fungueni madirisha ya nje. Asafishaye avae barakoa ya kuzuia vumbi, glavu, na miwani ya kukinga macho.

Nne, msifagie wala kupiga msasa mti mkavu, maana mbegu zitaruka. Lowesheni kitambaa kwa maji ya sabuni, mpanguse madoa, kisha msugue kwa brashi. Msimwage maji mengi, kwa kuwa maji ndiyo chakula cha adui.

Tano, dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe isichanganywe kamwe na siki wala amonia, kwani huzaa hewa ya sumu iwezayo kuua. Sabuni yatosha.

Sita, acheni mti ukauke kabisa kabla ya kupaka rangi. Doa likibaki katika mti mkavu si neno. Vitambaa vilivyotumika vifungwe katika mfuko na kutupwa, na msafishaji aoge, nguo zake zifuliwe.

KAZI YENU

Ninyi watoto mna macho mepesi na pua kali. Mkisikia harufu ya uvundo, mkiona doa jipya, au tone moja baada ya mvua, mwambieni mzazi siku ile ile. Kilicholowa na kikauke kabla ya siku 2 kupita. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nami naongeza: usipozibua mlizamu, utanunua boriti.

MASWALI

1. Kwa nini haifai kufagia kuvu kavu?
2. Eleza tofauti ya kuvu ya juu juu na kuvu iozeshayo.
3. Fundi alipanda juu kabla ya kuzitazama boriti. Kwa nini?
4. Ni vitu gani visivyochanganywa na dawa ya klorini?
5. Chunguza nyumba yenu baada ya mvua. Andika mahali maji yapitapo.