Chuo Kidogo cha Binafsi au Chuo Kikuu cha Umma? Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Elimu ya juu ni huduma ambayo mlaji huilipia kwa miaka mitatu, minne au mitano, na thamani yake kamili huonekana baada ya kuhitimu. Bidhaa mbovu ya dukani yaweza kurudishwa. Mwaka uliopotea chuoni haurudi. Hivyo ni wajibu wa mzazi, mlezi na mwanafunzi kuuliza maswali kabla ya fedha kutoka mkononi.

Wengi huanza kwa kuuliza kipi ni bora, chuo cha umma au cha binafsi. Swali hilo halina jibu moja. Kinachonunuliwa si jina la chuo, bali ni programu fulani, inayofundishwa na wahadhiri fulani, kwa gharama fulani. Hayo matatu ndiyo ya kupimwa.

1. Ithibati ya programu

Vyuo vikuu vya umma na vya binafsi husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Vyuo vinavyotoa astashahada na stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili wenye orodha ya vyuo, programu zilizoruhusiwa na sifa za kujiunga.

Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ikazuia baadhi ya programu tu. Funzo lake ni kwamba chuo chaweza kuwa halali ilhali programu uitakayo haijaruhusiwa. Basi, usitafute jina la chuo pekee. Tafuta pia jina la programu, katika mwongozo wa mwaka unaohusika.

Aidha, kwa fani kama udaktari, uuguzi na uhandisi, shahada peke yake haitoshi. Mhitimu hana budi kusajiliwa na baraza au bodi ya taaluma yake. Uliza huko kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa.

2. Ukubwa na udogo wa chuo

Chuo kikubwa cha umma huwa na idara nyingi, maktaba pana na wahadhiri wa ngazi mbalimbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kilianza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Kwa miaka hiyo yote kimejenga hazina kubwa ya vitabu na wataalamu. Hata hivyo, katika chuo cha namna hiyo mhadhara mmoja waweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na nafasi za mabweni huwa hazitoshi. Mwanafunzi asiyejisukuma mwenyewe aweza kubaki nyuma bila mtu kutambua.

Katika chuo kidogo, mhadhiri huweza kumjua mwanafunzi kwa jina na kumwita anapozembea. Lakini idara yenye wahadhiri wachache huyumba mmoja wao anapoondoka. Uliza ni wahadhiri wangapi wameajiriwa moja kwa moja na wangapi ni wa muda. Omba kuiona maabara, si picha yake.

3. Gharama yote, si ada pekee

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo cha binafsi kilicho karibu na nyumbani kinatoza ada ya shilingi 1,800,000 kwa mwaka; michango ni 250,000; nauli na chakula cha mchana ni 700,000. Jumla ni 2,750,000. Chuo cha umma kilicho mkoa wa mbali kinatoza ada ya 1,000,000. Michango ni 150,000. Chumba na chakula ni 1,900,000. Safari ni 200,000. Jumla ni 3,250,000.

Kwa miaka mitatu, chuo chenye ada ndogo kitagharimu 9,750,000, na chenye ada kubwa 8,250,000. Iwapo mwanafunzi wa chuo cha binafsi naye atahitaji kupanga chumba, hesabu itageuka. Kila familia ifanye hesabu yake.

4. Mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hupokea maombi ya wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi vyenye ithibati. Kiasi kinachotolewa hutegemea uhitaji wa mwombaji, na si lazima kifikie ada yote. Usithibitishe chuo kwa kutegemea mkopo ambao haujatangazwa. Kumbuka pia kwamba mkopo ni deni: mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi amalize.

5. Kabla ya kulipa

- Pata kwa maandishi orodha ya ada na michango ya miaka yote.
- Soma masharti ya kurejeshewa fedha endapo mwanafunzi ataacha au kuhama.
- Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo. Usimpe wakala fedha taslimu.
- Tunza kila risiti na barua ya udahili.
- Zungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa programu hiyo hiyo.

Zoezi

Andika majina ya vyuo viwili unavyovifikiria. Kwa kila kimoja jibu: Je, programu imo katika mwongozo wa mwaka huu? Gharama ya miaka yote ni kiasi gani? Mkopo usipopatikana, nani atalipa? Chuo ambacho huwezi kukijibia maswali hayo matatu, usikilipe bado.