Lulu za Kukuzwa: Zinavyotengenezwa na Kupimwa Ubora

Wewe unayesoma Mtowisa, mbali na bahari, swali la lulu lisikutishe. Ukielewa kazi ya gamba, umelielewa.

Chaza ana ngozi laini iliyotanda ndani ya gamba. Ngozi hiyo hutoa tabaka nyembamba za kalisiamu kaboneti zinazong'aa. Huko Fumba na Bweleo, Unguja, akina mama hukuza nusu-lulu: kiini cha plastiki chenye umbo la nusu tufe hubandikwa kwa gundi kwenye gamba, chini ya ngozi, kisha chaza hurudishwa baharini. Baada ya miezi tisa hadi mwaka, kiini huwa kimefunikwa. Lulu ya mviringo kamili inataka fundi hasa: kiini huingizwa mwilini pamoja na kipande cha ngozi ya chaza mwingine. (Usiandike "chembe ya mchanga". Wengi hupoteza alama hapo.)

Ubora hupimwa kwa mng'ao, uso, umbo, ukubwa, rangi na unene wa tabaka. Mng'ao ndio mkubwa. Anayevuna mapema kwa kuhitaji fedha hupata tabaka nyembamba. Mng'ao hufifia, na tabaka huweza kubanduka. Kazi ya miezi yote hiyo huuzwa kwa bei ya chini.

Swali: Lulu moja ni kubwa lakini imefifia na ina vishimo. Nyingine ni ndogo, laini, na unajiona ndani yake kama kwenye kioo. Ipi bora? (Alama 4)

Jibu: Ndogo. Ukubwa huongeza thamani pale mng'ao na uso vinapolingana.