MOSHI AU VUMBI? JINSI SETILAITI INAVYOTAMBUA

Ndugu mkulima, kati ya Desemba na Februari huenda ukasimama shambani kwako, Myanga, Tongaren au Kiminini, usiuone Mlima Elgon vizuri. Hewa imejaa ukungu mkavu. Je, ni moshi au vumbi? Yafaa ujue, kwa kuwa moshi una moto wake mahali fulani, na vumbi ni udongo wa shamba la mtu unaokwenda zake.

Siku hizi wataalamu hutazama mambo haya kwa setilaiti, yaani vyombo vinavyoizunguka dunia huku vikipiga picha. Ziko za namna mbili.

1. Za kwanza hukaa juu ya Ikweta, mbali kilomita 36,000 hivi. Huzunguka pamoja na dunia, basi huitazama Afrika daima. Meteosat ya Ulaya ni ya namna hii. Hupiga picha kila dakika 10 hadi 15, na picha zikipangwa, moshi au vumbi huonekana likitembea na upepo.

2. Za pili hupita chini zaidi, kilomita 800 hivi, mchana na usiku. Mojawapo ni Suomi NPP, iliyorushwa na Wamarekani mwaka 2011. Hupima joto la ardhi. Penye moto hutiwa alama nyekundu katika ramani. Alama moja ni kipande cha mita 375 kila upande. Basi usigombane na jirani kwa ajili ya alama. Moto waweza kuwa popote ndani ya kipande hicho.

KUTOFAUTISHA. Moshi huanzia mahali padogo, mwembamba kama mkia, kisha hupanuka. Rangi yake ni kijivu, na kwenye chanzo chake mara nyingi pana alama ya joto. Vumbi huinuka katika eneo pana lililo tupu, kama jangwa la Chalbi. Rangi yake ni kahawia, wala halina alama ya joto.

Desemba hadi Februari alama nyekundu huwa nyingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, nyasi zikichomwa. Juni hadi Septemba huhamia kusini, katika Kongo, Angola na Zambia.

Lakini setilaiti haioni moto ulio chini ya wingu zito, wala moto mdogo wa mabua uliozimika kabla haijapita. Tena habari zake huchukua kama saa 3 kutufikia. Moto wa Januari wenye upepo hauhitaji saa 3 kumaliza shamba la miwa. Jicho la kwanza ni lako na la jirani yako.

Kwa hiyo:
(a) Mabua usiyachome. Lisha ng'ombe, na mengine yaache yafunike udongo usipeperuke.
(b) Lima ukanda mtupu mpakani pa miwa, moto usivuke.
(c) Ukiona moshi usioujua, waite majirani upesi, kisha mwarifu chifu.

MASWALI
1. Kwa nini alama nyekundu haionyeshi hasa shamba lililowaka?
2. Moshi na vumbi hutofautianaje katika picha?
3. Shamba lako lina nini cha kuushika udongo mwezi wa Januari?