Amepona, Lakini Hajarudi

Shangazi,

Mimi ni mvuvi wa kamba, wa Kizingitini. Mke wangu alipatikana na saratani ya titi. Akakatwa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, akatiwa kemo, kisha mionzi. Karibu mwaka mzima tulikuwa wageni wa jamaa Mombasa. Tuliporudi tulisoma maulidi, tukapika pilau, mji mzima ukashukuru.

Sasa ni miezi 8. Akikuna nazi 2 amechoka. Mkono wa kulia huvimba kila jioni. Usiku hulalamika joto na kufungua dirisha, na huku kusi inavuma. Harusini hatii mguu. Mama yangu husema mtu aliyepona hufanya kazi, na dada zangu wasema amezoea kudekezwa. Nami nimeanza kumkasirikia, kisha naona haya kwa hasira yangu. Kama amepona, mbona si yule niliyemuoa?

Mvuvi, Kizingitini

*

Mwanangu,

Kinachowagombanisha nyumbani kwenu ni hilo neno "amepona". Waswahili hulitumia kwa mambo mawili. Aliyekuwa na homa akipona, homa imekwenda zake na yeye ni yule yule. Na mtu ambaye chombo kimempindukia mkondoni, akafika pwani hai, naye twasema amepona. Huyu wa pili hutoka majini amemeza chumvi na kuchubuka, na siku nyingi baadaye akisikia wimbi moyo humwenda mbio. Hakuna nahodha atakayempa kasia jioni ile ile. Mama yako anasema kupona kwa homa. Mkeo amepona kama mtu wa chombo.

Tuanze na mkono, maana huo haungoji. Tezi za kwapani ni njia ya maji ya mwili yanayotoka mkononi. Zikitolewa, na mahali pale pakapigwa mionzi, maji huweza kukosa pa kupita na mkono ukajaa. Huweza kuanza miezi baada ya tiba, hata miaka. Si uvivu, wala si jicho la mtu. Uvimbe ukiwahiwa hutulia kwa urahisi zaidi kuliko ulioachwa ukakomaa, kwa hiyo aonwe na mtaalamu wa tiba ya viungo. Atamfundisha mazoezi na namna ya kuukanda taratibu, na atampimia mfuko wa kubana mkono. Msimpeleke kwa mkandaji wa kukaza vidole, wala asipigwe chuku upande huo, hata mpigaji awe hodari vipi. Ngozi ya mkono ule ilindwe dhidi ya kisu, mbu, miiba ya samaki na ya hao kamba wako. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au akishikwa na homa, mkimbize hospitali ya Faza siku hiyo hiyo.

Uchovu wake nao ni wa kweli. Uchovu wa baada ya kemo na mionzi hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja, na kwa wengine hudumu miezi mingi. Lakini msimlaze kitandani kama yai. Mwili huu hupata nguvu kwa kutumiwa kidogo kidogo. Baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamepwa, tembea naye pwani dakika 10. Wiki ijayo ziwe 15. Kazi za nyumbani muulize yeye: ipi anataka kubaki nayo, ipi imemshinda? Huenda nazi anaipenda, na kinachomuumiza ni ndoo ya maji ya jabia. Mkimnyang'anya zote mtamfanya mgeni jikoni mwake.

Hilo joto la usiku huenda linatokana na dawa. Wanawake wengi waliotibiwa saratani ya titi hupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 hadi 10, ili kuzuia ugonjwa usirudi. Huleta joto la ghafla na kutokwa jasho. Dawa za aina hii na kemo huweza pia kumkausha mwanamke, tendo la ndoa likawa maumivu. Akijitenga nawe usihesabu kuwa amekukataa. Muulize kwa upole, kisha mzungumze na daktari, maana yapo ya kusaidia. Akiwa kwenye vidonge hivyo asishike mimba, na uzazi wa kupanga usiwe wa homoni. Asiviache kwa shauri la mtu, wala asichanganye na miti shamba bila daktari kujua. Kabla ya Ramadhani aulize kama mwili wake unaweza kufunga. Akiruhusiwa, kidonge kimoja kwa siku hunywewa usiku.

Harusini haendi, nawe unajua wanawake wa kwetu huvua buibui wakifika ndani. Nani atavaa gauni la kubana na upande mmoja umelala? Fundi wa cherehani aweza kumshonea mfuko ndani ya sidiria, ukajazwa pamba, mradi kovu limekauka. Kwa wanaomtengea kikombe, sema waziwazi kwamba saratani haiambukizi.

Halafu kuna hofu. Tarehe ya kliniki ikikaribia, kila kichomi kwake ni saratani imerudi. Usimwambie "acha mawazo." Panda naye mashua. Kivimbe kipya, maumivu ya mfupa yasiyoisha, pumzi kubana au kukonda bila sababu, hayo yasingoje tarehe. Kliniki ya Mombasa muombe muhtasari wa tiba yake kwa maandishi, ili hospitali ya King Fahd hapa Lamu ijue alichofanyiwa, na yanayowezekana karibu yafanyike karibu. Safari Doctors, walioanza mwaka 2015 chini ya Umra Omar kupeleka wauguzi kwa mashua vijiji vya mbali vya Lamu, hawatibu saratani, lakini muuguzi wa karibu huweza kupima presha, kutazama ngozi na kukwambia lini usafiri.

Usisahau bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 ile ya zamani, NHIF, imeiachia nafasi SHA, na asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wewe kipato chako kiko kaskazi. Lipa wakati kamba wapo, usingoje kusi ikukute mkono mtupu na kliniki mlangoni.

Limebaki la mama yako. Mkeo hawezi kujitetea mbele ya mavyaa akaonekana ana adabu. Wa kusema ni wewe, na huna haja ya hotuba. Jioni ya leo, kabla hujashuka pwani, chukua ndoo, nenda jabiani, ujitwike maji mwenyewe, upite nayo mbele ya baraza aliyoketi mama yako.

Shangazi